Taa anakula nini, na wanajuaje?

SWALI: Habari mhariri, niko Tanga, mzee wangu anavua. Juzi nilipasua taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, nikakuta tumboni uji uji tu wa kijivu na kakucha ka kaa kamoja, sasa hao wataalam wanajuaje anakula nini kama kila kitu kimeshasagika hivyo?

JIBU: Hako kakucha ndo kenyewe mdogo wangu! Nyama inayeyuka chapu, vigumu vinabaki, ganda la kaa, gamba la chaza, hata vijiwe vya sikio vya samaki, kwahiyo wanachuja ule uji kwenye chekeche wanachambua vipande kwa hadubini. Shida ni minyoo ya mchangani, laini ile, inapotea mapema mpaka unadhani taa haili kumbe anaila sana tu.

Na sio lazima umuue, wanampitishia mpira laini mdomoni wanamimina maji taratibu mpaka atapike halafu anarudi zake baharini. Au wanakata kanyama kadogo wanapima nitrojeni, iko nyepesi na nzito, ile nzito inaongezeka kadri unavyopanda ngazi ya nani anamla nani, hiyo inakupa picha ya miezi kadhaa sio mlo wa jana usiku tu, ila kaa au kamba haikutajii kwa jina.

Pungu, aina mojawapo ya taa, ndo anasumbua, meno bapa kama vigae, anaponda chaza magamba anatema, tumboni unakuta nyama tupu.

Maji yakipwa angalia vishimo mchangani, vingine ni taa kapuliza maji akichimbua chakula. Mwiba wa mkiani usiuguse hata akishakufa.