Kipimo gani cha reli ya modeli? Anza na upana wa njia

Wanaotaka kujenga reli ya modeli huniuliza: nichukue HO au N, vile vipimo viwili vya modeli? Nami huwauliza kwanza, ni treni gani unayotamani kuiona ikipita mezani kwako? Kwetu Afrika Mashariki hilo ndilo linaloamua, kwa sababu reli zetu hazina upana mmoja, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya njia. Reli ya Kati ya zamani na ile ya Mombasa hadi Kampala ni za mita 1. TAZARA ina milimita 1,067. SGR ina 1,435.

HO ni kipimo cha 1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi, na njia yake ina upana wa milimita 16.5. Gawanya 1,435 kwa 87, utaiona SGR yenyewe. Mpenzi wa SGR basi ana raha, kwani HO ndicho kipimo chenye vifaa vingi kuliko vyote duniani. Lakini ukiweka garimoshi la reli ya mita 1 juu ya njia hiyo, magurudumu yatatanuka kupita kiasi na jicho halitadanganyika. Hapo tafuta HOm: kipimo ni kilekile cha 1:87, ila njia ni ya milimita 12. Wazungu huitumia sana kwa reli nyembamba za Uswisi. Bei iko juu, sikufichi, lakini inafaa, na TAZARA nayo inakaa vizuri humo.

Mwenye ua mkubwa aitazame G, 1:22.5. Njia yake ya milimita 45 ilikusudiwa reli ya mita 1 tangu mwanzo. Ila zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, ambazo mbili zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, zina urefu wa karibu mita 32. Kwa G hiyo ni mita 1.4, injini peke yake! Kwa HOm inashuka hadi sentimita 37 hivi.

N, 1:160, inaokoa nafasi kweli. Hata hivyo mimi naishi pwani na siipendekezi kwa mtu wa pwani anayeanza. Injini hupokea umeme kupitia magurudumu, na injini ndogo ni nyepesi, kwa hiyo vumbi kidogo au ukungu wa chumvi juu ya reli huisimamisha. HO ina uzito, inavumilia zaidi. Reli zenyewe nazifuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuendesha.

Kisha ndiyo chumba. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha mzunguko wa HO, lakini kona za kubana hazifai injini ndefu.

Kabla ya kuagiza, kata vipande vya kadibodi vyenye urefu wa injini na mabehewa unayoyataka, uvipange mezani pamoja na stesheni. Acha siku chache, uvisogeze, upime tena.