Leso zangu hazionekani Google. Nimlipe kijana huyu Sh60,000?

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni muuza leso na madera hapa Majengo, Mombasa, mwaka wa sita sasa. Wateja wangu wengi nawapata kwa WhatsApp na kwa kuelekezana. Miezi minane iliyopita nilitengenezewa tovuti ya WordPress yenye picha zaidi ya 200 za leso, na haijaniletea hata mteja mmoja. Nikitafuta "leso Mombasa" kwenye Google sijioni. Hata nikiandika jina kamili la duka langu sijioni. Sasa kuna kijana ameniambia ataifanyia SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya kutafuta: atatia maneno 500 ya siri ndani ya tovuti, ataninunulia viungo (links) 300 kutoka tovuti nyingine, na ndani ya mwezi mmoja nitakuwa wa kwanza. Anataka Sh60,000. Nimlipe? Na kama si yeye, nianzie wapi mimi mwenyewe?

Muuza leso, Majengo

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Usimlipe.

Simjui kijana huyo na sisemi ni mwizi. Huenda anauza tu kile alichofundishwa. Lakini kati ya vitu vitatu alivyokuahidi, hakuna hata kimoja kinachofaa Sh60,000 zako.

Maneno ya siri anayoyasema ni ile sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa ambapo zamani watu walijaza maneno ili mitambo ya kutafuta iyaone. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii sehemu hiyo katika kupanga matokeo. Kwa hiyo atakuuzia kazi ambayo haijahesabiwa kwa miaka mingi.

Viungo 300 ni jambo zito zaidi. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, walijenga mtambo wao juu ya wazo moja: tovuti ikiielekeza nyingine, ni kama imeitolea ushahidi. Tovuti yenye mashahidi wengi wa kuaminika hupanda. Watu wakaanza kununua mashahidi. Mwaka 2012 Google ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, makusudi ya kuwabana wenye viungo vya kununua, na hadi leo kununua viungo ili upande ni kinyume cha kanuni zao. Mara nyingi viungo hivyo hupuuzwa tu, ukawa umepoteza pesa. Mara nyingine tovuti hushushwa, na kuirudisha ni kazi ya miezi. Ya tatu, ahadi ya kuwa wa kwanza: Google yenyewe huwaonya wafanyabiashara kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza. Kazi ya SEO iliyofanywa vizuri kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka kuonyesha faida. Anayekuahidi mwezi mmoja anakuahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake.

Lakini katika barua yako kuna jambo lililonishtua kuliko hizo pesa. Unasema hata ukiandika jina kamili la duka hujioni. Hilo si tatizo la kushindwa na wenzako. Inawezekana kabisa kwamba Google haijui kama upo.

Jaribu hivi leo. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google andika neno site, nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Ikitoka orodha ya kurasa zako, zimo. Isipotoka hata moja, ingia ndani ya WordPress, sehemu ya mipangilio (Settings), mahali pa kusoma (Reading). Pana kisanduku kidogo cha tiki kinachoiomba mitambo ya kutafuta isiiweke tovuti kwenye orodha zake. Mafundi hukitia tiki wakati wanajenga, ili duka lisionekane kabla halijakamilika, kisha humaliza kazi, hulipwa, na husahau kukitoa. Nimeikuta hali hii mara nyingi. Nyumba moja ya wageni kule Diani ilipitisha msimu mzima wa Disemba imefungiwa hivyo, na mwenyewe akidhani wageni wamepungua. Toa tiki, hifadhi.

Kisha fungua Google Search Console. Ni ya bure. Utathibitisha kwamba tovuti ni yako, utaiwasilisha ramani ya kurasa zako, yaani sitemap (WordPress huitengeneza yenyewe), na utaweza kuuliza ukurasa mmoja mmoja kama umesomwa au la, na kama la, kwa sababu gani. Chombo hiki pia hukuonyesha watu waliandika maneno gani mpaka ukatokea mbele yao, kwa muda wa miezi 16 iliyopita. Nitalirudia hilo chini.

Ukiwa huko huko, muulize fundi wako swali moja: anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina la nani? Kama inaishia na .co.ke, msimamizi wa anwani hizo ni KeNIC, na anayetambuliwa kuwa mwenye mali ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Nimeona akina mama wakijenga jina kwa miaka, halafu wakagundua liko kwa jina la kijana aliyehamia Nairobi na simu haishiki. Lirudishe kwako kabla hujaanza kulitilia thamani.

Sasa tuje kwenye leso zenyewe, maana hapa ndipo biashara yako ilipo.

Umesema una picha zaidi ya 200. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na leso ni kizuri, lakini chajiuza kikionekana. Mteja akisimama dukani kwako aona pindo, aona mji, asoma jina, ashika kitambaa. Google haishiki kitambaa. Siku hizi inaweza kutambua mengi ndani ya picha, lakini katika kupanga kurasa bado inategemea sana maandishi, na kama ukurasa wako una picha iliyoitwa IMG_2041 na chini yake "Sh800, karibuni", umeiachia Google ibahatishe. Haitabahatisha. Itampeleka mteja kwa aliyeeleza.

Kwa hiyo kila leso ipewe ukurasa wake, na ukurasa huo uandikwe kama unavyomjibu mteja kwa mdomo. Anza na jina la leso. Wewe wajua zaidi yangu kwamba watu hununua leso kwa ajili ya maneno yake. Mtu anataka kumpelekea wifi yake ujumbe, au mama mkwe shukrani. Anayatafuta maneno yenyewe. Kama una leso iliyoandikwa "Wema hauozi", maneno hayo yawe kwenye kichwa cha ukurasa, yawe kwenye anwani ya ukurasa, yarudi ndani ya maelezo, na yawe kwenye yale maelezo mafupi ya picha (alt text). Hayo maelezo ya picha humsaidia pia asiyeona, ambaye simu yake humsomea. Usiyarudie mara 20. Mara moja kwa kila mahali inatosha, na sentensi isomeke kama Kiswahili cha mtu.

Una majina zaidi ya 200 ya leso, na kila jina ni mlango wake. Ukishindana kwa "leso Mombasa" peke yake utakuta Mtaa wa Biashara mzima mbele yako. Ukiwa na ukurasa mzuri wa jina moja, huenda usimkute mwingine pale.

Baada ya jina, andika rangi, pindo, kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa, vipimo, na yale maswali unayoulizwa kila siku. Fungua WhatsApp yako, rudi nyuma miezi mitatu, uyanakili maswali kama yalivyo. Rangi yatoka? Kisutu ipo ya nyekundu? Waweza kunitumia Malindi? Yaliyoandikwa na wateja wako ndiyo hayo hayo ambayo wengine wanamwandikia Google usiku huu. Hakuna programu ya kulipia itakayokupa orodha bora kuliko hiyo.

Kumbuka pia kwamba kitu chako kina majina zaidi ya moja. Sisi wa Mombasa twasema leso. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, wasema kanga. Wageni na watoto wetu waliozaliwa ughaibuni huandika kanga, na wengine khanga. Hakuna haja ya kurasa tatu. Sentensi moja ya asili yatosha: "Leso hii, ambayo wengine huiita kanga au khanga..." Halafu tengeneza ukurasa mmoja mrefu wa kueleza leso ni nini: kwamba neno lenyewe latokana na "lenço" la Kireno, yaani kitambaa cha mkononi, kwamba kisutu huvaliwa harusini, kwamba leso ina pindo, mji na jina. Uandike kwa Kiswahili, kisha uandike mwingine kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni. Usiachie mashine ikutafsirie na kuchapisha bila kusoma. Na akija mtu kukuambia atakutolea makala 100 kwa siku kwa akili bandia, mwambie hapana: tangu Machi 2024 kanuni za Google zinataja waziwazi kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupandisha tovuti tu, na zinaadhibiwa.

Picha zako zipunguzwe uzito. Picha ya simu yaweza kuwa na megabaiti 4 au 5, na ukurasa wenye picha kumi kama hizo unamlia mteja bando kabla hajaona bei. Upana wa pikseli 1,200 unatosha, na uzito chini ya kilobaiti 200. Google hupima sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika ukurasa inatokea baada ya muda gani, na kiwango kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Pima kwa simu yako ukiwa kwenye data, kwa sababu wateja wengi watakuja hivyo, na Google nayo huisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu.

Kwa kuwa una duka ambapo watu huingia, jiandikishe kwenye wasifu wa biashara wa Google (Google Business Profile) ili utokee kwenye ramani. Hiyo pia ni bure, na kwa duka dogo la mtaani yaweza kukuletea mteja mapema kuliko tovuti. Huko Google huangalia mambo matatu: biashara inalingana vipi na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha. Mengine waweza. Chagua aina sahihi ya biashara, weka saa zako za kweli (pamoja na saa za Ramadhani), weka picha za mlango ili mtu asipotee vichochoroni, na jina liwe lile lililo kwenye kibao chako, bila kuongezea "leso bei nafuu Mombasa". Waombe wateja waliokwisha kununua waandike maoni. Waombe tu, usiwape punguzo kwa ajili ya hayo, maana hilo limekatazwa. Na wajibu wote, hasa aliyekasirika.

Viungo unavihitaji, lakini vya ushahidi wa kweli. Fundi cherehani anayeshona madera kwa leso zako, mpambaji wa maharusi anayechukua kisutu kwako, nyumba ya wageni ya Mji wa Kale inayotandika leso zako vitandani: kama wana tovuti, waombe wakutaje. Viungo vichache kama hivyo vinashinda 300 vya kununua.

Mambo mawili wauza nguo hukosea sana. Leso ikiisha, usifute ukurasa wake. Ukurasa uliokwisha kujulikana ni mali; andika kwamba imekwisha na uelekeze kwenye inayofanana. La pili ni msimu. Ukurasa wa leso za Idd uwe mmoja, anwani ile ile kila mwaka, usiandikwe mwaka ndani yake, na uutengeneze miezi mitatu kabla.

Kama hizo Sh60,000 umeshazitenga na zakuwasha mkononi, mpe kazi mtoto wa dada yako aliyemaliza kidato cha nne. Akae na wewe dukani wiki tatu, wewe ukitaja jina la leso na hadithi yake, yeye akipiga chapa. Utabaki na pesa.

Anza na leso 20 zinazouzika zaidi, si zote. Baada ya miezi miwili ingia Search Console, angalia maneno ambayo watu waliandika ukatokea lakini hawakubonyeza, kisha unitumie orodha hiyo pamoja na jibu la jaribio la site. Kutoka hapo nitakuambia kurasa zipi za kurekebisha kwanza.