Asiache sipro, dada

Dada yangu, umesema mumeo alichomwa kiganjani na mwiba wa pezi la sangara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na leo, siku ya tatu ya vidonge vya sipro (antibiotiki iitwayo ciprofloxacin), bibi mmoja sokoni kamshauri aviache anywe mwarobaini na unga wa pilipili manga.

Tafadhali asiviache. Bibi hajasema uongo: mimea ina nguvu. Bakteria wa usaha aitwaye Staphylococcus aureus ana pampu ndogo kwenye utando wake. Dawa ikiingia, anaitapika nje. Piperini, kile kinachofanya pilipili manga iwashe, maabara imeonyesha kwamba inaziba pampu hiyo, na sipro kidogo kuliko kawaida inatosha kumzuia asikue. Ajabu ya Mungu kweli! Lakini hiyo ni maabara, si kiganja cha mtu. Tena piperini huweza kupandisha kiwango cha dawa nyingine kwenye damu. Kwenye supu ya sato, sawa. Vijiko vya unga juu ya vidonge, hapana. Sipro asiimeze na maziwa pia, yanaizuia kufyonzwa.

Mwarobaini usimiminwe kwenye kidonda.

Sasa mwangalie mkono. Ukiona mstari mwekundu unapanda, homa, au kidole hakikunjiki, nendeni hospitali leo hii. Mweleze daktari ni samaki na maji ya ziwa, maana bakteria wa huko ni wengine, na mwombe usaha uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani. Sindano ya pepopunda je, alichomwa?