Prado ya safari za Tsavo: baki na rimu ya 17

Ndugu yangu, kama umeuliza rimu za 18 kwa ajili ya Shimba Hills na Tsavo, basi ushauri wangu ni usizitie. Kwenye mawe kinachokuokoa ni ubavu wa tairi. Hiyo 265/65R17 uliyo nayo (upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17) ina ubavu wa milimita 172. Ukifunga 265/60R18, kimo cha tairi ni kile kile lakini ubavu unashuka hadi 159: gari halijainuka, na rimu imesogea karibu na jiwe.

Ukitaka kuinua, funga 265/70R17. Kipenyo cha tairi kinatoka milimita 776 hadi 803, ila chini ya gari unapata milimita 13 tu, kwa sababu ni nusu ya ongezeko ndiyo inayoinua. Na kwa kuwa tairi ni kubwa zaidi, mita ya mwendo ikisoma 100, wewe uko 103 hivi. Njia ya Voi ina kamera na polisi, kumbuka hilo.

285/70R17 ni nzuri kwa macho, lakini ukikata usukani mpaka mwisho huenda ikasugua plastiki za ndani. Mwambie fundi aijaribu moja mbele kabla hujalipia nne. Na spea, tafadhali, iwe saizi hiyo hiyo.