Sufu nzuri hutunzwa masika, si siku ya kunyoa

Wanaoniuliza kuhusu ufugaji wa kondoo wa sufu huku Makete huanza karibu wote na swali moja: kondoo mmoja anatoa kilo ngapi? Jibu lipo. Corriedale, aina mojawapo ya kondoo wa sufu, aliyelishwa vizuri anaweza kutoa kilo 4 hadi 6 kwa mwaka, na ukishaiosha sufu yake mafuta na vumbi, theluthi hadi nusu ya uzito huo inaondoka na maji. Lakini mimi naanza na jambo jingine: je, sufu hiyo inafaa kusokotwa?

Kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara. Siku ya kunyoa, chukua kishada cha sufu chenye unene wa penseli kutoka ubavuni. Kishike ncha zote mbili, kilete karibu na sikio, kivute kwa ghafla. Sufu yenye nguvu inalia kama uzi wa gitaa uliokazwa. Iliyo dhaifu inatoa mlio wa kuchanika, na mara nyingi inakatika mkononi. Ikikatika, tazama imekatikia wapi. Ukinyoa kila Septemba, ncha ya nje ni ya Septemba iliyopita na shina ni la juzi tu. Iliyokatika katikati inakwambia kwamba mwezi Machi kondoo huyo aliumwa au alipungukiwa chakula, unyoya ukaota mwembamba kwa siku hizo. Hakuna sabuni wala fundi wa kulirekebisha hilo. Uzi utakatika wakati wa kuchambua, na sweta litatoka vinundu.

Na huku Nyanda za Juu Kusini, Machi ndiyo yenyewe. Mvua zimeshika tangu Novemba, nyasi ni ndefu na zimelowa, na kondoo jike waliozaa Desemba bado wananyonyesha. Minyoo nayo ndiyo msimu wake. Mbaya kuliko wote ni yule anayenyonya damu tumboni. Kondoo anaweza kuonekana mnene kwa sababu ya manyoya, kumbe ndani ameisha. Kwa hiyo usimpime kwa macho ya mbali. Mshike, vuta chini kope la jicho, tazama rangi ya ndani. Nyekundu, mwache. Imepauka kuelekea nyeupe, mpe dawa siku hiyohiyo. Ukigusa chini ya taya ukakuta uvimbe laini, umechelewa lakini bado jaribu, na umwite daktari wa mifugo. Usiwanyweshe dawa kundi zima kila mara kwa mazoea, maana minyoo inaizoea na mwisho dukani hutapata inayofanya kazi.

Wakati huo mama anayenyonyesha hatoshelezwi na majani peke yake. Ongeza pumba za mahindi na mashudu kidogo ya alizeti jioni. Asubuhi usiwafungulie mpaka umande ukauke, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya jani likiwa bichi na maji. Na mabondeni kwenye vinyungu, yaani bustani za ardhi yenye majimaji, hata kama majani yanavutia, usiwapeleke masika: konokono wa kule wanabeba minyoo bapa ya ini.

Kuhusu banda nina msimamo mkali. Linyanyue kutoka ardhini. Mbao za misindano tunazo, hatuna kisingizio. Acha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, kinyesi kidondoke na kwato ya kondoo isipite. Kondoo anayelala kwenye tope anaoza kwato, anachechemea, hali vizuri, na sufu inadhoofika kwa njia hiyohiyo niliyoieleza. Ugonjwa ukishaingia, changanya salfeti ya zinki kilo 1 kwa maji lita 10, wasimame humo badala ya kupita tu, kisha wakae mahali pakavu. Halafu jambo ambalo naomba lisisahaulike: jiwe la chumvi la ng'ombe usimpe kondoo. Lina madini ya shaba kwa kiasi ambacho ng'ombe anakihimili, ila kondoo yanamjaa kwenye ini kimyakimya mpaka siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Dukani sema wazi kwamba unataka la kondoo.

Wengine wananiambia wana kondoo wa kienyeji tayari, wataanza nao. Kondoo wetu wengi, wakiwemo Red Maasai na wale wenye kichwa cheusi, wana nywele fupi. Ni wa nyama, na kwa magonjwa ni wagumu. Ukimpandisha jike wa namna hiyo kwa dume la sufu, mtoto anatoka na mchanganyiko wa sufu na nywele ngumu. Inachukua vizazi kadhaa kufika kwenye uzi. Kwa hiyo tafuta jike wa sufu hata kama ni wachache, na kabla hujalipa, fumbua manyoya begani uone kama yamefungamana sawasawa hadi kwenye ngozi. Ukiwapandisha kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57, watafika wamechoka. Watenge na kundi lako wiki tatu hivi. Na aliye jirani na Kitulo akumbuke kwamba kule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, si malisho.

Kunyoa mimi nakupenda Septemba. Kipupwe kimepita, sakitu imeisha, mvua bado. Usiku wa kuamkia siku hiyo wasile, maana atakaa kitako na kugeuzwa, na tumbo lililojaa linamtesa. Sufu iwe kavu kabisa. Iliyolowa ukiifunga inageuka njano na kunuka. Anza tumboni na uiweke pembeni, pamoja na ya mkiani. Vuta ngozi kwa mkono wa kushoto iwe bapa, mkasi ulale juu yake, na usirudie pale ulipopita, kwa sababu vipande vifupi vya marudio ndivyo vinavyoharibu uzi. Kuwa mwangalifu na chuchu. Tandika shuka la pamba chini. Usitumie sandarusi kwa lolote, kutandika wala kuhifadhi: nyuzi zake za plastiki zinaingia kwenye sufu na hazitoki. Kishona nguo nacho kiondoe malishoni kabla hakijatoa mbegu za kunasa kwenye sufu.

Soko la jumla kwa mwenye kondoo kumi halipo, nisikudanganye. Sweta la mtu mzima linakula nusu kilo ya uzi au zaidi, na faida iko kwenye sweta, kofia na blanketi, siyo kwenye gunia la sufu mbichi. Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, utashindana na mitumba ya bei ya chini, lakini nyingi ya ile ni nyuzi za kiwandani, na mtu wa Makete aliyevaa sufu halisi mwezi wa saba anaijua tofauti. Sufu ya tumboni isiyosokoteka ifukie kwenye matuta ya viazi. Inashika unyevu na ikioza inatoa naitrojeni.

Kama huna nafasi ya kuhangaika na uzazi mwaka wa kwanza, nunua madume waliohasiwa. Hawabebi mimba, hawanyonyeshi, Machi inawapita bila kuwakondesha sana, na kishada chao ukikivuta kwa kawaida kinalia vizuri kuliko cha jike. Ukishawazoea hao, ukajua kusoma kope na kunyoa bila kukata ngozi, ndipo ulete majike na dume lao, uliachie mwezi wa Julai, wazae Desemba majani mapya yakiwa yameshaota.