Mataa Ndiyo Mtihani: Kutoka Sinza hadi Kariakoo kwa Baiskeli

Kwa miaka saba sasa ninakwenda kazini kwa baiskeli, kutoka Sinza hadi Kariakoo, na wanaonifahamu huniuliza swali lile lile: huogopi magari? Magari yanayonipita kwenye barabara iliyonyooka siyaogopi sana. Ninachokiogopa ni kona. Katika miaka hiyo nimepata misukosuko minne ambayo sitaisahau, na yote minne ilitokea hatua chache kutoka kwenye makutano. Hakuna hata mmoja uliotokea katikati ya safari, hata pale ambapo hapakuwa na njia ya baiskeli kabisa. Kwa hiyo, ukiniomba ushauri juu ya kuendesha baiskeli Dar es Salaam, sitaanza na kofia ngumu wala aina ya baiskeli ya kununua. Nitaanza na mataa.

Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya Mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, ilipata pia nafasi ya pembeni kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na mwaka 2018 jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mradi huo. Sina kinyongo na tuzo hiyo. Tuliokuwa tukibanana na daladala tunajua tulikotoka. Lakini njia ya pembeni, hata ikiwa nzuri namna gani, lazima ikatwe na kila mtaa unaoingia barabarani, kila lango la kituo cha mafuta na kila kituo cha basi, na mahali inapokatwa ndipo mwendesha baiskeli anapoachwa ajitafutie. Unakwenda vizuri mita mia tatu, kisha rangi inaisha, ukingo wa zege unakushusha kwenye lami, na ghafla umo katikati ya magari yanayokunja kushoto.

Msukosuko wa kwanza ulikuwa wa aina hiyo. Taa ilikuwa nyekundu, nami nikajipenyeza kushoto kwa lori la mchanga hadi usawa wa mlango wake, nikasimama mguu mmoja ukiwa juu ya ukingo wa barabara. Lori halikuwa limewasha indiketa. Taa ilipokuwa kijani tuliondoka pamoja, sambamba, na kwa sekunde mbili hivi nilidhani kila mmoja anakwenda zake. Kisha ubavu wa lori ukaanza kunisogelea taratibu, kama mlango unaofungwa. Tairi la mbele lilikuwa limeshanipita kwa mbali. La nyuma ndilo lililokuwa likija kwangu. Niliiachia baiskeli na kurukia mtaroni. Mama lishe mmoja alipiga ukelele ambao naamini ndio uliolisimamisha lori lile, na baiskeli ilipotolewa chini yake rimu ya nyuma ilikuwa imekunjika kama chapati.

Dereva alishuka akitetemeka kuliko mimi. "Samahani kaka, haki ya Mungu sikukuona." Sikumwamini, akaniambia nipande nikae kwenye kiti chake nijionee mwenyewe. Nilipanda. Kutoka pale juu nilimwona mama lishe, niliona sufuria zake, niliona watu waliokusanyika ng'ambo ya barabara. Baiskeli yangu, iliyolazwa chini ya mlango wa kushoto, sikuiona hata pembe ya usukani wake.

Jioni ile niliibeba hadi kwa fundi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama rimu, na badala ya kuniuliza nani kanigonga aliuliza, "Ulisimama wapi, mwanangu?" Nimekuja kuelewa kwamba hilo ndilo swali.

Gari refu linapokunja, magurudumu ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanakata kona kwa ndani zaidi, na kadiri gari linavyokuwa refu ndivyo linavyokata zaidi. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, ndani ya kona maana yake ni kushoto, pale pale tunapopenda kujificha. Kwa hiyo usisimame kamwe kushoto kwa lori, basi au trela kwenye mataa. Ama uwe mbele yake kiasi cha kuonana macho na dereva, ama ubaki nyuma yake na kumwacha aende. Mimi siku hizi hubaki nyuma, hata bodaboda wakinipita na kunicheka. Na usiamini indiketa. Tazama gurudumu la mbele. Dereva anaweza kusahau kuwasha taa, lakini hawezi kukunja bila gurudumu kugeuka, na gurudumu hugeuka kabla ubavu haujaanza kusogea.

Pale njia inapokuwa nyembamba kabla ya makutano, hamia katikati ya njia yako mapema, si kwenye mataa yenyewe bali mita thelathini kabla, baada ya kutazama nyuma na kunyoosha mkono. Wengi huona kufanya hivyo ni ubishi. Wanajibana na ukingo kwa heshima, na heshima hiyo humpa dereva wa nyuma wazo kwamba kuna nafasi ya kupita, wakati nafasi yenyewe haipo. Ukikaa katikati atapiga honi, mwache apige. Aliyepiga honi amekwisha kukuona. Ukishavuka, rudi pembeni na umpungie mkono.

Kukunja kulia ni habari nyingine. Pale kwenye makutano ya Faya, ninapoiacha Barabara ya Morogoro na kuingia Mtaa wa Msimbazi, kukunja kama gari maana yake ni kukata njia zote za magari, kisha njia za Mwendokasi ambazo nazo hukunja pale pale kuelekea Gerezani, na mabasi yale ni marefu na hayasimami ghafla. Nilijaribu miezi miwili nikaacha. Sasa ninakunja kwa awamu mbili: ninavuka moja kwa moja pamoja na wanaokwenda mjini, nikifika ng'ambo ninasimama kwenye kona ya mbali, ninaigeuza baiskeli ielekee Msimbazi, kisha ninasubiri taa ya upande wa pili. Ninapoteza dakika moja, pengine mbili. Mtu mwenye mzigo kwenye keria asifikirie hata mara mbili. Ashuke na kuisukuma kwenye zebra. Kushuka si aibu, na kwenye kipilefti kikubwa chenye njia mbili au tatu ndani yake, mimi hushuka hata nikiwa sina mzigo.

Daladala zina lugha yake. Konda akiwa mlangoni na kupiga bodi, gari linaondoka, na litaingia barabarani bila kukutazama. Konda akiwa amenyoosha mkono nje kuelekea kushoto, gari linakuja kituoni, na litakubana. Lililosimama usilipite kwa kushoto hata kama nafasi inaonekana, kwa sababu abiria anashuka akiwa na mtoto na mfuko, na macho yake yako kwenye ngazi.

Kosa ambalo nimeliona likiwaangusha hata wazoefu ni kwenda kinyume kwenye njia ya baiskeli. Unaelewa kwa nini watu wanafanya: kuvuka barabara yote ile kwa ajili ya kwenda mita mia mbili ni kazi. Lakini mfikirie dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu kwa kukunja kushoto. Magari yatakayomgonga yanatoka kulia, kwa hiyo anatazama kulia, anaendelea kutazama kulia huku gari likisogea, na anayekuja kutoka kushoto kwake anakuwa hayupo duniani mpaka asikie kishindo. Ikiwa huna budi kwenda kinyume, shuka kwenye kila mdomo wa mtaa.

Haya yote ni mbinu za kuishi na barabara ilivyo, na ingekuwa udanganyifu kukuachia hapo, kana kwamba aliyegongwa alikosa mbinu tu. Kona nyingi za jiji hili zimechorwa kwa ajili ya gari kukunja bila kupunguza mwendo. Ukingo wake ni upinde mpana, laini, na dereva akiona upinde wa namna hiyo mguu wake hauendi kwenye breki. Sheria inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, lakini hata hizo 50 ni nyingi kwenye kona: katika sekunde moja ambayo dereva anahitaji kushtuka, gari limeshakwenda mita 14 hivi kabla breki haijaguswa, wakati kwa mwendo wa 30 lingekwenda mita nane. Na kishindo chenyewe hakipungui kwa kulingana na mwendo. Nguvu ya gari la kilomita 50 ni karibu mara tatu ya lile la 30. Kibao cha onyo hakiwezi kufanya kazi ya kona iliyobana.

Waholanzi, ambao leo tunawasifu kwa baiskeli, hawakuzaliwa na barabara zao. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani kwao, mamia yao wakiwa watoto, wazazi wakaingia mitaani, na ndipo wahandisi wakaanza kuyachora makutano upya. Wazo lao ukilichora kwenye mchanga ni jepesi. Njia ya baiskeli haiishii kwenye mataa; inasogezwa kidogo mbali na barabara, kiasi cha urefu wa gari dogo, kisha inavuka. Kwenye kona kinawekwa kisiwa kidogo cha zege. Gari linalokunja linalazimika kukizunguka polepole, na linapofika kwenye kivuko cha baiskeli limeshageuka, kwa hiyo dereva anamwona mwendesha baiskeli mbele ya kioo chake, si kwenye ubavu asioweza kuuona, na ana mahali pa kusimama bila kuziba walio nyuma yake. Mstari wa magari kusimama unarudishwa nyuma, baiskeli zinasubiri mbele. Michoro yao inabidi igeuzwe kama kwenye kioo, kwa kuwa wao huendesha kulia, lakini zege ni lile lile.

Kwenye midomo ya mitaa midogo hata kisiwa hakihitajiki. Inatosha njia ya baiskeli na ya miguu ipite juu kwa usawa wake ule ule, na gari ndilo lipande tuta na kushuka. Sasa hivi ni kinyume: bibi mwenye kikapu, mtoto wa shule na mwenye guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, wote wanashuka na kupanda ukingo ili gari lisitikisike.

Nalitaja guta kwa makusudi. Njia ikichorwa kwa kumfikiria mtu wa baiskeli nyembamba ya mazoezi, mwenye guta la mifuko ya simenti, anayeendesha baiskeli kuliko sisi wote, atabaki barabarani. Vivyo hivyo nguzo za chuma zinazosimikwa kuzuia bodaboda: zikikaribiana mno zinamzuia yeye na kiti cha magurudumu, na bodaboda anapita. Kuhusu wachuuzi wanaopanga bidhaa kwenye njia ya baiskeli, nina maoni yasiyopendwa na wenzangu: sehemu yoyote tambarare, safi, isiyo na gari, na inayopitwa na watu elfu kwa siku itakuwa soko, na mchoraji asiyewatengea wachuuzi nafasi yao pembeni ndiye aliyewapa ya kwetu.

Ukitaka kuandika barua, jua kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za mitaa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barua iliyopita serikali ya mtaa na kugongwa mhuri inasomeka tofauti na malalamiko ya simu. Usiandike kwamba barabara ni hatari. Kila mtu anaandika hivyo. Andika urefu wa ukingo kwa sentimita, upana wa njia, idadi ya baiskeli ulizozihesabu kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, na ombi moja tu, dogo, linaloweza kufanyika kwa zege la siku moja.

Sisi watatu, mimi, mwenye guta mmoja na kijana anayesambaza mayai, tuliandika hivyo kuhusu ukingo wa sentimita 15 kwenye mdomo wa mtaa mmoja tunaoupita. Tulipima kwa futi kamba ya fundi seremala, tukahesabu, tukapeleka. Miezi mitano kimya. Kisha asubuhi moja tukakuta vibarua wawili wenye toroli wakimalizia mteremko mdogo wa zege, usiozidi mita mbili kwa upana, uliotiwa michirizi ili tairi lisiteleze mvua ikinyesha. Kijana wa mayai alishuka nao mara tatu, akipanda na kushuka, trei zikiwa zimefungwa nyuma, akisikiliza kama kuna litakalopasuka. Bodaboda nao wameshaugundua.