Kwa mnaokwenda devrai msimu huu

Wadogo zangu mliofika Pune, India, mwaka huu, nimeziona picha zenu za safari ya kwanza ya Sahyadri, yaani milima ya Ghats za Magharibi, mkiwa ndani ya devrai, msitu uliotengwa kwa ajili ya mungu wa kijiji. Nimefurahi kuwaona, kisha nikakunja uso. Mmoja kapanda na buti juu ya jukwaa la mawe chini ya mti. Kamba ya kwadrati, ile ya kuzungushia eneo la kupima mimea, imepita katikati ya mawe yaliyopakwa shendur, rangi nyekundu ya ibada. Na chini ya picha mtu kaandika: "Imani ya Kihindu imeuokoa msitu huu." Ni makosa matatu kwa picha moja, na yote yamefanywa na waliowatangulia, mwaka baada ya mwaka. Nimechoka kuyaeleza kwa simu, mtu mmoja mmoja, tena usiku. Someni haya kabla basi la Mulshi halijaondoka.

1. Vueni viatu. Kwenye devrai nyingine mwiko unaanzia kwenye mawe ya mungu, nyingine unaanzia mti wa kwanza wa mpakani, na hakuna kibao cha kuwaambia. Ulizeni mkiwa bado nje. Vijiti vya kuwekea alama kona za ploti, vile vipande vya msitu mnavyopima, njooni navyo kutoka mjini, maana kwa wenyeji wengi hata tawi lililoanguka lenyewe ni mali ya mungu, linaachwa lioze palepale. Barua ya Idara ya Misitu ni ya lazima, lakini kijijini haitoshi. Upande wa Konkan, kule pwani, tuliwahi kungojeshwa huku gurav, mhudumu wa mungu wa kijiji, akibandika petali mbili zilizoloweshwa kwenye jiwe la mungu, moja kulia na moja kushoto. Akaomba, nasi tukakaa chini kimya kuangalia ipi itaanguka mwanzo. Hiyo ndiyo kaul, kumwuliza mungu kama anakubali. Mwenzetu mmoja alianza kutazama saa, na gurav akamwona. Ikaanguka ya kulia, tukaruhusiwa kupima, ila tusichume majani ya mti uliofunika jiwe. Hatukuchuma. Kwenye orodha yetu mti ule umeandikwa hadi jenasi tu, na msimamizi aliridhika.

2. Mmekuja na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwenye begi, vizuri, isomeni. Ila msifike kijijini mkaanza kumhoji bibi wa watu kuhusu karma na moksha, malipo ya matendo na ukombozi wa roho. Atawajibu kwa adabu, kwa kuwa Gita anaiheshimu, lakini mungu wa msitu ule ni Waghjai, au Kalkai, au Bhairoba, na mambo yake ni mvua, ng'ombe, mtoto mwenye homa, na ghadhabu itakayompata anayekata mti. Usimwambie mtu kwamba huo si Uhindu wenyewe eti kwa sababu hukuukuta kitabuni. Maandiko ya kale kama Veda na Purana, na jiwe lenye shendur, vinakaa nyumba moja huku, na hakuna anayewaomba mchague.

Vilevile msiandike kwamba Wahindu huabudu miti na ndiyo maana hawaikati. Zipo devrai ambako watu walichanga pesa, kwa ibada ya kweli kabisa, wakamjengea mungu hekalu la saruji, na miti ya zamani ikakatwa kupisha jengo. Waliokata ni waumini walewale. Anayetaka kuandika kuhusu imani na msitu aanzie hapo penye ugumu. Na ninyi mliokulia Kilifi na Kwale, najua kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziko moyoni. Kaya zimeingia urithi wa dunia mwaka 2008, Ghats za Magharibi mwaka 2012, na mkiona makatazo yanafanana mnadhani mmeshaelewa. Kaya ilikuwa makazi ya watu yenye ngome kabla ya kuwa msitu wa heshima. Devrai ni makazi ya mungu. Kufanana kuwape maswali tu.

3. Kozi ya falsafa mnayoilalamikia ndiyo kozi ya mbinu za utafiti. Nasema hivi nikijua mna mtihani wa takwimu wiki hiyohiyo. Watu wa Nyaya, shule ya kale ya mantiki ya India, wametaja njia nne za kupata ujuzi: pratyaksha, yaani kuona kwa hisi, anumana, kufikia jambo kwa ishara yake, upamana, kulinganisha, na shabda, neno la mtu wa kuaminika. Charvaka, shule nyingine ya falsafa, waliikubali ya kwanza tu. Mfano maarufu wa upamana ni wa mtu wa mjini aliyeambiwa na mkaazi wa msituni kwamba gavaya, ng'ombe wa mwitu, anafanana na ng'ombe wa nyumbani. Anaingia msituni, anakutana na mnyama, anayakumbuka maneno, anasema huyu ndiye. Ninyi mnafanya kazi hiyo kutwa, kitabu cha mimea mkononi. Na kuhusu shabda, Vatsyayana, mfafanuzi wa Nyaya Sutra, kitabu cha msingi cha shule hiyo, anasema wa kuaminika anaweza kuwa rishi, yaani mwonaji mtakatifu, anaweza kuwa arya, mtu wa jamii yao, anaweza kuwa mleccha, mgeni kabisa. Kinachotakiwa ni awe analijua jambo mwenyewe na ataka kulisema lilivyo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alijifunza mengi kwa wavuvi alipokuwa kisiwa cha Lesbos. Aliandika kwamba kuna kambare ambaye dume ndiye anayelinda mayai, na katika karne ya 19 mtaalamu wa samaki Louis Agassiz akamthibitisha. Samaki yule leo anaitwa Silurus aristotelis. Mtu huyohuyo aliandika kwamba wanaume wana meno mengi kuliko wanawake. Kila mbinu ina siku yake ya kukuangusha usipoipimia kwa nyingine.

4. Upadhi. Hapa nitakaa, maana hapa niliumia.

Tasnifu yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Ploti ndani ya devrai, ploti nje yake kwenye mteremko wa malisho, hesabu, linganisha. Ndani nilikuta miti isiyopukutika, garambi nene kuliko paja ikitambaa toka mti hadi mti, hondohondo juu, na shekru, yule kindi mkubwa, akipiga kelele kila nikifungua utepe. Nje vichaka vikavu. Kila jaribio la takwimu lilinipa jibu lilelile, nami nikaandika bila kusita: ulinzi wa Devi, mungu wa kike wa msitu ule, ndio chanzo cha wingi wa spishi.

Siku ya kutetea, kwenye jopo alikuwepo mwalimu wa falsafa, mama mtu mzima, mpole. Aliniuliza kama naukumbuka mlima wenye moshi, mfano wa anumana wa watu wa Nyaya. Nikajibu haraka: penye moshi pana moto, kama jikoni, pasipo moto hapana moshi, kama ziwani. Akasema, sasa igeuze. Penye moto pana moshi? Hapana, nikasema, chuma kilichoiva hadi kikawa chekundu kina moto na hakina moshi. Basi moshi unahitaji nini zaidi? Kuni mbichi. Hiyo ndiyo upadhi, sharti lililojificha nyuma ya hoja, na nilikuwa nimeikariri vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na msituni kwako, maji yako wapi?"

Nilielewa palepale. Chini ya jiwe la Devi pana chemchemi, na kidimbwi kilichojengewa mawe. Aprili, visima vya kijiji vikikauka, akina mama huteka pale. Mimi mwenyewe nilijaza chupa zangu pale kila asubuhi. Chemchemi imo kwenye daftari langu, kurasa za mambo ya kambi, kati ya bei ya mchele na namba ya dereva wa jipu. Kwenye fomu za data haimo. Ploti zangu zote za nje zilikuwa mteremko mkavu. Sikuwa na hata moja isiyolindwa iliyo karibu na maji. Sasa msitu ule ulikuwa na spishi nyingi kwa kuwa unalindwa, au kwa kuwa una maji? Au chemchemi haikauki kwa kuwa msitu haukukatwa? Data zangu hazikuwa na la kusema.

Lililonichoma zaidi ni kwamba gurav alikuwa ameshaniambia. Tulikaa barazani kwake jioni nzima, akasimulia jinsi Devi alivyojitokeza pale majini, na wazee wakamwachia mahali pake. Nilirekodi, mwenzangu akanitafsiria, nikaiweka kwenye kiambatisho chini ya kichwa "Hekaya za asili". Mtu aliyenipa sharti lililokosekana kwenye hoja yangu nilimtupa kwenye hekaya, kwa sababu alilisema kwa kumtaja mungu. Na mtihani wa shabda nilikuwa nimeufaulu miezi michache tu kabla.

Nilitaka kurudi wiki ileile. Msimamizi akanizuia. Ilikuwa Juni, na mvua zikishashuka Sahyadri kila mteremko unatiririka, huwezi kujua ipi ni chemchemi na yapi ni maji ya jana. Nikangoja kiangazi kilichofuata. Ufadhili uliisha katikati, nikaishi kwa pesa za ndugu. Nikatafuta vijito visivyokauka nje ya devrai, nikapima upya. Tofauti ya idadi ya spishi ilipungua sana. Iliyobaki wazi ni miti mikubwa: ile minene, ya umri mrefu, ilikuwa ndani tu. Hilo ndilo ulinzi ulilofanya, na ni jambo kubwa. Nililiandika hivyo, kwa maneno machache kuliko mwanzo, na ninasimama nalo.

Kwa hiyo acheni madaftari matatu, la imani, la falsafa na la ploti. Daftari liwe moja, na alichosema gurav asubuhi kiandikwe ukurasa uleule wenye vipimo vya asubuhi hiyo.

5. Mengine kwa haraka. Mti wenye mizizi ya ubao upimwe unene juu ya mizizi, si kwenye kimo cha kawaida cha mita 1.3 kwa ukaidi. Andikeni kwa penseli. Magazeti ya kukaushia sampuli yabadilishwe kila siku, la sivyo mtakuwa mnafuga ukungu. GPS chini ya miti mizito ipeni muda itulie. Chumvi kwa ajili ya ruba. Watafiti Gadgil na Vartak wameandika kuhusu misitu hii tangu miaka ya 1970, wasomeni kabla hamjadai kwamba ninyi ndio wa kwanza. Na chai ya mwenyeji kunyweni hata kama jua linapanda na ploti zinawangoja.

6. Kabla ya kuwasilisha tasnifu, rudini kijijini na orodha ya miti, majina ya Kimarathi kwa maandishi ya Devanagari yakitangulia, ya Kilatini yakifuata. Isomeni kwa sauti mbele ya gurav na akina mama wanaoteka maji, wawasahihishe. Mimi walinionyesha miti niliyoipa jina moja kumbe ni aina mbili: mmoja huchanua kabla ya joto, mwingine baada ya mvua, na mimi msimu wa mvua sikuwahi kuwepo. Nakala moja ibaki ofisi ya gram panchayat, baraza la kijiji, nyingine kwa gurav. Nauli ya safari hiyo iwekeni kwenye bajeti sasa hivi, maana hakuna mfadhili atakayeikumbuka kwa niaba yenu.